Mlango wa nyuma kwenye prosesa: yaliyothibitishwa, yanayoshukiwa, na swichi moja ambayo Marekani ilijiombea

#1 Mleta mada (Dar es Salaam)

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi mteja wangu mmoja alifika kibandani na laptopu ya mtumba aliyoinunua Kariakoo, moja ya zile ThinkPad nyeusi zinazotoka maofisini Ulaya baada ya kutumika miaka kadhaa. Pembeni ya kibodi kulikuwa na kibandiko kidogo cha Intel chenye neno vPro, jina wanalolitumia kwa mashine za maofisini, na chini yake mabaki ya kibandiko kingine chenye namba ya mali ya kampuni iliyokuwa ikiimiliki. Mashine haikuwa na ubovu wowote. Alikuwa ameangalia video mtandaoni, akataka nimwambie kama ni kweli kwamba ndani ya kompyuta yake kuna kompyuta nyingine ambayo Wamarekani huitumia kumchungulia. Nilimjibu ndiyo na hapana, akanitazama kama mtu aliyepunjwa chenji. Kwa kuwa swali hili hurudi humu kila baada ya miezi michache na kila mara linaishia kwenye kejeli, nimeona niandike kwa kirefu.

Nianze na upande wa "ndiyo". Katika mashine za Intel zilizotengenezwa tangu takriban mwaka 2008 kuna kidhibiti kiitwacho Management Engine, ambacho wengi hukifupisha kuwa ME. Hakikai pamoja na viini vinavyoendesha Windows au Linux, bali kwenye ile chipu inayoratibu mawasiliano ya ubao mkuu, nacho kina prosesa yake, kumbukumbu yake na mfumo endeshi wake. Katika toleo la 11, lililokuja na kizazi cha Skylake mwaka 2015, mfumo huo ni MINIX, ule ulioanzishwa na Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam kwa ajili ya kufundishia wanafunzi wake. Mwaka 2017 profesa huyo aliwaandikia Intel barua ya wazi akisema kwamba leseni haikuwalazimisha kumwambia, ila ingekuwa uungwana wangemwarifu.

ME huamka kabla ya prosesa kuu. Huendelea kuwa macho hata ukiizima mashine, mradi umeme haujakatika, na inaweza kuisoma RAM bila Windows kuwa na habari. Kwenye mashine za vPro ina njia yake yenyewe ya kuifikia kadi ya mtandao. Programu yake imetiwa sahihi ya kidijitali ya Intel, kwa hiyo mwenye mashine hawezi kuibadilisha, na ukiifuta yote kwa hasira, mashine nyingi za tangu kizazi cha Nehalem hujizima zenyewe baada ya dakika 30.

Lengo lililotangazwa si la kijasusi. Mtu wa TEHAMA mwenye kompyuta elfu tatu katika majengo kumi anahitaji kuziwasha usiku, kuzirekebisha na kuzizima bila kuamka kitini, na huduma inayomwezesha, yaani AMT, inakaa ndani ya ME. Lakini hata fundi seremala akikuambia kwamba ule mlango wa uani ameuweka kwa ajili ya kuleta kuni, mlango unabaki kuwa mlango.

Sasa upande wa "hapana". Hadi leo hakuna mtafiti aliyeonyesha hadharani ME ikimpelekea mwanaserikali yeyote taarifa za mtu kwa jinsi Intel walivyoiunda, na Intel wamekanusha mara nyingi kwamba wanatengeneza milango ya nyuma, yaani njia za siri za kuingilia. Mwenye kudai kuwa jambo hilo limethibitishwa anazidisha chumvi.

Kilichothibitishwa ni kingine, na kwa maoni yangu kina uzito kuliko tetesi zote. Agosti 2017, Mark Ermolov na Maxim Goryachy, watafiti wa kampuni ya usalama ya Positive Technologies, walikuwa wakipekua zana ambazo Intel huwapa watengenezaji wa kompyuta ili kuandaa programu ya ndani ya ubao. Katika faili moja la mipangilio wakakuta sehemu iliyoitwa "reserve_hap", na kando yake maelezo mafupi yaliyotaja High Assurance Platform. Huo ni mpango wa NSA, shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani, wa kuandaa kompyuta za kuaminika kwa kazi nyeti za serikali. Wakaiwasha sehemu hiyo, ambayo ni biti moja tu, wakaona ME inamaliza kazi za lazima za kuiamsha mashine kisha inanyamaza. Walipoulizwa, Intel walikiri kwamba badiliko hilo liliwekwa kwa maombi ya watengenezaji ambao wateja wao walikuwa wakiufanyia tathmini mpango huo wa serikali ya Marekani, wakaongeza kwamba si mpangilio wanaouhudumia rasmi.

Tulitafakari hilo taratibu. Kwa miaka kadhaa watu waliwaomba Intel njia ya kuizima ME kwenye mashine walizozilipia kwa fedha zao, wakaambiwa haizimiki. Wakati huohuo swichi ilikuwepo, haikuandikwa popote, na aliyeihitaji ni serikali ileile inayoshukiwa kuutumia mlango huo. Mimi siisomi habari hii kama ushahidi kwamba NSA ilipenya kupitia ME. Naisoma kama ushahidi kwamba waliijua hatari yake vya kutosha wasitake kuwa nayo kwenye meza zao.

AMD nao wasidhani wamenusurika. Mashine zao za tangu takriban mwaka 2013 zina kitu cha namna hiyohiyo, prosesa ndogo ya muundo wa ARM inayoitwa PSP, na msimbo wake nao umefungwa.

Karibuni tujadili, ila tafadhali kila mtu aseme anachokijua amekijuaje.

#2 Mchangiaji (Arusha)

Mkuu mleta mada, uzi ni mzuri lakini naona unatembea juu ya mayai. Edward Snowden, aliyefanya kazi NSA kupitia mkandarasi, alitoa nyaraka mwaka 2013, na ndani yake kulikuwa na Bullrun, mpango wa NSA wa kuvunja usimbaji fiche, pamoja na bajeti ya takriban dola milioni 250 kwa mwaka za kuzishawishi kampuni zidhoofishe bidhaa zao. Baada ya hapo mtu anawezaje kuandika kwamba "haijathibitishwa"? Ukimkuta mtu ndani ya nyumba yako saa nane za usiku akiwa na funguo malaya mkononi, humwombi hati ya mahakama ili uamini kwamba ni mwizi.

#3 Mleta mada

Mkuu wa Arusha, hoja yako naiheshimu, na nadhani tunatofautiana kidogo kuliko inavyoonekana. Taarifa za gazeti la New York Times, The Guardian na ProPublica za Septemba 2013 zilieleza kwamba mpango huo ulikuwa umepata njia ya kuingia katika baadhi ya chipu za usimbaji fiche zinazotumiwa na kampuni na serikali, ama kwa kuelewana na watengenezaji ama kwa kutumia kasoro zilizokuwepo. Kwa hiyo suala la chipu lilitajwa. Ambacho hakikutajwa ni jina la mtengenezaji wala la chipu, na usipokuwa na jina huwezi kuifungua chipu mahususi ukasema ni hii hapa.

Mahali ambapo ushahidi ulikamilika kabisa ni kwenye hesabu, wala si kwenye silikoni. Kulikuwa na kanuni ya kuzalisha namba nasibu iitwayo Dual_EC_DRBG, iliyopitishwa na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, mwaka 2006. Namba nasibu ndizo zinazozaa funguo za siri, na anayeweza kuzikisia hahitaji kuvunja kitu kingine chochote. Mwaka uliofuata Dan Shumow na Niels Ferguson wa Microsoft walionyesha kwamba aliyezichagua namba mbili za mwanzo za kanuni hiyo anaweza kuwa amebaki na ufunguo wa kutabiri kila kitakachotoka. Wengi walipuuza. Desemba 2013 shirika la habari la Reuters likaripoti kwamba kampuni ya RSA ilikuwa imelipwa dola milioni 10 katika mkataba ulioifanya kanuni hiyo kuwa chaguo la kwanza kwenye bidhaa yake, na RSA wakakana kwamba waliweka mlango wa nyuma kwa kujua. Mwaka 2014 NIST ikaiondoa kwenye mapendekezo yake.

Baada ya hapo ndipo macho yote yakageukia prosesa, kwa sababu tangu kizazi cha Ivy Bridge cha mwaka 2012 prosesa za Intel zina amri yao ya kutoa namba nasibu, RDRAND, ambayo huwezi kuchungulia ndani yake ukaona namba zinapikwaje. Wasanifu wa mfumo endeshi wa FreeBSD waliamua mwaka 2013 kutoitumia moja kwa moja. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliombwa aiondoe kwenye mfumo wake, akakataa kwa ukali wake uleule, akieleza kwamba namba hizo huchanganywa na vyanzo vingine, hivyo hata kama chanzo kimoja kimetiwa sumu mchanganyiko haudhuriki. Theodore Ts'o, anayesimamia sehemu hiyo ya Linux, naye alisema anafurahi kwamba alikataa shinikizo la wahandisi wa Intel waliotaka mfumo utegemee RDRAND peke yake. Kwangu hayo mawili ndiyo mfano bora wa namna ya kuishi na shaka: hawakuapa kwamba chipu ni mbovu wala kwamba ni nzima, walijenga juu yake kana kwamba lolote kati ya hayo linawezekana.

#4 Mwanafunzi (Dodoma)

Naomba kuuliza, wakuu. Si inawezekana kuipasua chipu, kuipiga picha kwa darubini na kulinganisha na mchoro wake? Kwa nini tubaki kubahatisha?

#5 Mleta mada

Mdogo wangu, swali lako lilijibiwa mwaka 2013 na Georg Becker pamoja na wenzake, katika utafiti uliowashtua wengi kwa urahisi wa mbinu yake. Transista hufanya kazi kwa sababu silikoni imechanganywa na kiasi kidogo sana cha elementi nyingine, na aina ya mchanganyiko huo ndiyo inayoamua umeme upite wapi. Walionyesha kwamba ukibadilisha mchanganyiko peke yake kwenye transista chache, bila kuongeza waya wala kuhamisha kitu, unaweza kukifanya kizalishaji namba kama kile cha Intel kitoe namba zenye ugumu wa biti chache sana badala ya 128, huku kikifaulu majaribio yake ya kujikagua. Kwa darubini ya kawaida picha inafanana na mchoro kama shilingi kwa ya pili, kwa sababu mchoro haujabadilika, kilichobadilika ni udongo uliochorewa.

Kuna mbinu nyingine za darubini za kielektroni zinazoweza kuona tofauti hiyo, lakini chipu iliyopasuliwa hairudi kazini. Utakuwa umeithibitisha ile uliyoiua, na utaendelea kuitumia ile ambayo hukuipasua.

#6 Mchangiaji (Mombasa)

Ndugu mleta mada, shukrani kwa utulivu wako. Mimi ningependa kuongeza jambo moja la kihistoria, kwa sababu naona vijana wanachukulia kukanusha kwa kampuni kana kwamba ni kiapo.

Uswisi, karibu na mji wa Zug, kulikuwa na kampuni iitwayo Crypto AG iliyouza mashine za kusimba mawasiliano kwa serikali zaidi ya 120 duniani. Wanunuzi waliichagua kwa sababu Uswisi haiko upande wowote. Februari 2020, gazeti la Washington Post pamoja na televisheni za ZDF ya Ujerumani na SRF ya Uswisi zilifichua kwamba tangu mwaka 1970 kampuni hiyo ilikuwa mali ya CIA na ujasusi wa Ujerumani Magharibi, BND, kwa siri. Mashine zilisimba kweli, ila kwa namna ambayo wenye kampuni waliweza kuifumua. Wajerumani walijitoa miaka ya 1990, Wamarekani wakaendelea hadi mwaka 2018.

Mwaka 1992 muuzaji wao mmoja, Hans Bühler, alikamatwa Iran akahojiwa kwa takriban miezi tisa. Hakuwa na cha kukiri, maana hakuambiwa kitu. Kampuni ikamtoa kwa dola milioni moja, kisha ikamfukuza kazi na kumdai fedha hizo. Nawaza sana juu ya mtu huyo kila nikisoma msemaji wa kampuni yoyote akisema kwa moyo mweupe kwamba bidhaa zao hazina mlango wa nyuma, kwa sababu yumkini anasema kweli kwa kadiri ya ujuzi wake, kama alivyosema Bühler.

#7 Mleta mada

Ndugu wa Mombasa, umenigusa pale penyewe. Ningeongeza tu kwamba kuna wakati serikali hiyohiyo ilijaribu kufanya jambo hili mchana kweupe. Mwaka 1993 utawala wa Clinton ulitangaza chipu ya Clipper, ya kuwekwa kwenye simu ili mazungumzo yasimbwe, na nakala ya ufunguo wa kila chipu igawanywe na kuhifadhiwa na idara mbili za serikali. Mwaka uliofuata Matt Blaze wa maabara za AT&T aligundua kwamba alama iliyothibitisha uhalali wa sehemu ya serikali ilikuwa na biti 16 tu, hivyo kwa majaribio ya takriban dakika 40 mtu angeweza kughushi alama, akabaki na usimbaji wa chipu huku serikali ikiwa imefungiwa nje. Mpango ukafa ndani ya miaka michache. Ndiyo maana baadhi yetu tunashuku kwamba lililoshindikana kwa tangazo lilijaribiwa baadaye bila tangazo, na taarifa zile za mwaka 2013 hazikutuondolea shaka hiyo.

#8 Mchangiaji (Nairobi)

Mbona mnawaandama Wamarekani peke yao? Wachina nao waliweka chipu za ukubwa wa punje ya mchele kwenye seva za Supermicro, Bloomberg iliandika mwaka 2018. Na makao makuu ya Umoja wa Afrika kule Addis Ababa je? Hilo linatuhusu sisi moja kwa moja.

#9 Mleta mada

Ndugu yangu wa Nairobi, hayo mawili tuyatenganishe.

Ile ya Supermicro ilichapishwa Oktoba 2018 kwa kishindo, lakini Apple, Amazon na Supermicro wenyewe waliikana kwa maneno ya moja kwa moja kuliko ilivyo kawaida ya kampuni, na tangu wakati huo hakuna aliyeweka chipu yenyewe mezani tuione. Mimi naiweka kwenye kapu la madai yasiyo na kielelezo, na ningeiweka kwenye kapu hilohilo hata kama mtuhumiwa angekuwa Mmarekani.

Ile ya Addis Ababa ni ya aina nyingine. Januari 2018 gazeti la Le Monde la Ufaransa liliripoti kwamba kwa miaka mitano, tangu jengo lile lililogharamiwa na China lizinduliwe mwaka 2012, data za seva za Umoja wa Afrika zilikuwa zikitiririka kila usiku kati ya saa sita na saa nane kwenda Shanghai. China ilikanusha vikali, na viongozi wa Umoja wakazungumza kwa tahadhari ya kidiplomasia. Zingatia kwamba katika taarifa hiyo kilichomshtua fundi ni kiasi cha data kilichokuwa kikipita saa ambazo ofisi zilikuwa tupu. Hakuna aliyehitaji kupasua prosesa. Mlango wa nyuma wa aina yoyote lazima siku moja upitishe mzigo, na mzigo unapita kwenye waya, na waya unaweza kuulinda wewe mwenyewe.

Na mambo hayo yamegeuka. Julai 2025 wadhibiti wa mtandao wa China waliiita kampuni ya Nvidia ijieleze kuhusu chipu zake za akili mnemba za H20, wakihofia uwezo wa kufuatilia zilipo na kuzizima kwa mbali, wakati mjini Washington kulikuwa na mswada uliotaka chipu za aina hiyo ziwe na njia ya kuthibitisha mahali zilipo. Nvidia wakajibu kwamba hawana mlango wa nyuma wala swichi ya kuzimia. Kila dola inaogopa chipu ya mwenzake kwa sababu inajua yenyewe ingefanya nini ingepata nafasi.

#10 Mchangiaji (Arusha)

Basi suluhisho si prosesa za RISC-V? Muundo wake uko wazi, ulianzia Chuo Kikuu cha California kule Berkeley mwaka 2010, yeyote anaweza kuusoma. Tuachane na hawa waficha misimbo.

#11 Mleta mada

Kilicho wazi kwenye RISC-V ni orodha ya amri ambazo prosesa inazielewa, mkuu. Atakayezigeuza kuwa chipu anaweza kuufunga mchoro wake kama kawaida, na hata akiufungua, bado utaupeleka kwenye kiwanda ambacho hukanyagi mlangoni pake. Ni hatua njema, lakini ile hoja ya Becker ya mchanganyiko wa silikoni inabaki palepale. Anayejitahidi kweli ni Andrew Huang, anayefahamika kama "bunnie", ambaye kwenye kifaa chake cha Precursor ametumia chipu ya aina ya FPGA, ambayo mtumiaji huichorea prosesa mwenyewe baada ya kuinunua, hivyo kiwanda hakijui mapema mahali pa kutegesha.

#12 Mchangiaji (Mombasa)

Ndugu mleta mada, haya yote tumeyasikia. Ile laptopu ya mteja wako iliishia wapi?

#13 Mleta mada

Nilitaka kuiacha lakini afadhali niieleze, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike.

Nilimwomba ruhusa nikaichomeka kwenye umeme na kwenye ruta yangu kwa kebo, kisha nikaizima kabisa. Taa ya kijani kwenye tundu la kebo ikabaki inapepesa. Hiyo peke yake si ushahidi, maana kipengele cha kuamsha kompyuta kupitia mtandao nacho huiacha kadi ikiwa macho. Nikachukua kompyuta nyingine, kwa sababu ukijipima mwenyewe kutoka ndani ya mashine hiyohiyo huenda usipate jibu la ME, nikagonga porti (tundu la mawasiliano ya mtandao) namba 16992, ambayo ni ya AMT. Mashine iliyozimwa ikanijibu. Kwenye kivinjari ukafunguka ukurasa mweupe wa Intel unaoomba jina na nenosiri.

Nikaiwasha nikabonyeza Ctrl na P ili kuingia kwenye mipangilio ya ME, nikaandika "admin", nenosiri la kiwandani. Likakataliwa. Maana yake kampuni iliyokuwa na laptopu hiyo iliisajili kwenye mfumo wake, ikaweka nenosiri lake, kisha ikaiuza bila kulifuta. Mteja wangu ameitumia miezi saba na mlango wa mtu mwingine.

Niliporejea kwenye ukurasa ule nikaangalia toleo la programu: lilikuwa la kabla ya kiraka cha Mei 2017. Wanaokumbuka watajua ninachosema. Mtafiti Maksim Malyutin wa kampuni ya Embedi aligundua kwamba AMT, ilipokuwa ikilinganisha jibu la nenosiri ulilotuma na jibu sahihi, ilihesabu herufi kwa urefu wa jibu lako wewe. Ukituma jibu tupu, inalinganisha herufi sifuri na herufi sifuri, inakuta zinafanana, inakukaribisha kama msimamizi. Kasoro hiyo ilikaa kwenye mashine za biashara kwa miaka mingi kabla ya kutangazwa, na hata leo watu hubishana kama kosa la kitoto namna ile lilikuwa kosa kweli. Mimi naamini lilikuwa kosa, kwa sababu nimesoma misimbo mingi ya watu waliochoka.

Nikatuma jibu tupu. Nikaingia. Nikiwa nimekaa kwenye stuli ya pili, kwenye kompyuta nyingine, nilikuwa na uwezo wa kuiwasha, kuizima na kuiamuru mashine ya mteja iamke kwa mfumo ninaoutaka mimi, naye amesimama pembeni anaona.

Msidhani hilo ni la kibandani kwangu tu. Juni 2017 Microsoft walieleza kwamba kundi la wadukuzi walilolipa jina PLATINUM lilikuwa likihamisha mafaili kupitia njia ya mawasiliano ya AMT kwenye mitandao ya taasisi za Asia ya Kusini-Mashariki, na ukuta wa moto wa Windows haukuona kitu kwa kuwa data hazikupita kwenye Windows. Hawakuhitaji mlango wa siri wa serikali. Walikuwa na ruhusa za msimamizi, wakatumia mlango uliomo kwenye kijitabu cha maelekezo.

Kwa wenye mashine za namna hii: ndani ya BIOS (mipangilio ya kuwashia kompyuta) ya nyingi kuna kipengele cha kufuta mipangilio ya AMT na kuirudisha ya kiwandani, na nyingine zina chaguo la kuizima moja kwa moja. Fuateni hapo kwanza, wekeni toleo jipya la programu ya ndani kutoka kwa mtengenezaji, badilisheni lile "admin", kisha mgonge tena 16992 kutoka mashine nyingine. Wenye programa ya chipu (kifaa cha kusomea na kuandikia programu ya ndani ya ubao) na mikono isiyotetemeka wanaweza kutumia me_cleaner ya Nicola Corna, ambayo kwenye mashine za toleo la 11 huwasha ileile biti ya HAP, lakini hifadhini kwanza nakala ya programu ya awali, maana nimeshaona ubao uliogeuka tofali.

Ya mteja nilifuta mipangilio, nikaweka toleo jipya, nikagonga. Kimya. Akaniuliza kama sasa ile kompyuta ya ndani imezimwa, nikamwambia hapana, bado inawaka kama kawaida, ila haipokei tena wageni mlangoni. Akaniuliza ni lini nitaizima kabisa. Nimempa Jumamosi, programa ya chipu nimeazima kwa jirani.